Mbuzi wa Diwani

Busia, karibu na Alupe
12 Februari 2024

Mulembe Mama,

Natumaini mlifika Malaba salama na kwamba foleni ya malori haikuwachelewesha. Naandika barua kwa sababu sijui njia nyingine. Nambari yako ya simu ninayo, lakini mkwe kumpigia mama mkwe na kumsemea sikioni ni jambo ambalo hata kwetu Wasamia halifanywi. Tena baada ya ile Jumamosi, nadhani hutaki kuisikia sauti yangu hata kwa mbali. Shemeji Oriokot ameahidi kukufikishia hii bila kuifungua.

Mama, silali. Wageni wenzako waliingia ndani kuangalia sofa nilizotengeneza, nawe ukabaki uani peke yako kwa kuwa mila haituruhusu mimi nawe kuwa chini ya paa moja. Nilipotokea na kreti ya soda, mbwa wangu Diwani alikuwa ameshakukumbatia mguu juu ya gauni lako la gomesi, anafanya vile anavyofanya. Nilikimbia nije kumtoa, halafu nikakumbuka kwamba mimi nawe hatukaribiani. Ndiyo maana uliniona nimesimama kando ya tangi la maji, kreti mkononi, namfokea mbwa kama refa aliyepoteza filimbi. Nami kadiri nilivyofoka, ndivyo alivyozidi.

Ulipofanikiwa kujitoa, ulijifunika uso kwa leso ukaenda kukaa garini, na mabega yako yalikuwa yakitetemeka. Hukurudi hata kuwaaga watu. Picha hiyo hainitoki kichwani, Mama. Mzazi wa mke wangu amekuja kuona boma langu kwa mara ya kwanza, na ameondoka akilia.

Hakuna mwingine aliyeona. Binti yako Atyang alikuwa jikoni, nami nimemwambia ulishikwa na kichwa. Sikuwa na moyo wa kumweleza ukweli. Ana mimba ya miezi sita, na unajua jinsi tulivyompoteza yule wa kwanza, yeye akiwa peke yake ndani na mimi nikiwa Khunyangu kupeleka viti vya watu. Kila jioni anasema safari hii mama atakuwa kando yake. Nisamehe ili umjie. Hilo tu ndilo ninaloomba.

Mkwe wako,
Wesonga


Malaba
20 Februari 2024

Yoga, mkwe wangu,

Barua yako nimeipata. Hayo ya uani yamekwisha na tusiyazungumze tena. Sijamwambia mtu, na sitamwambia mtu, hata kina mama wenzangu wa kanisani. Wewe pia nyamaza.

Usimpige mbwa. Mbwa akipigwa kwa jambo kama hilo haelewi amepigiwa nini.

Atyang asibebe maji. Akisema miguu imevimba, mpeleke kliniki siku hiyo hiyo, usingoje wateja wako wamalize kuchagua vitambaa.

Kuhusu kuja kwangu, kwa sasa siwezi kukaa hapo kwenu. Usiniulize sababu. Nikiweza nitakuja.

Mama Atyang


Busia
17 Machi 2024

Mulembe Mama,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Uliandika kwamba yamekwisha, halafu ukaandika kwamba huwezi kuja na nisiulize. Mimi si mtoto. Nimeelewa kwamba hayajakwisha.

Acha nikueleze nimefanya nini, usije ukadhani nimekaa tu. Nilimpeleka Diwani kwa daktari wa mifugo, akahasiwa. Daktari alinionya mapema kwamba huenda tabia ikapungua, huenda isipungue. Alisema mara nyingi si tamaa, ni mbwa aliyezidiwa na msisimko asijue aupeleke wapi, na kwamba mwenye mbwa akipiga kelele, mbwa huona naye amejiunga na mchezo. Nilikumbuka ile kreti ya soda nikatamani ardhi inimeze.

Basi kidonda kikapona, na tabia ikabaki. Mwalimu mmoja wa kike alikuja kuagiza viti, Diwani akapanda juu ya sponji mpya mbele yake, akaishughulikia mpaka yule mwalimu akasema atarudi siku nyingine. Hajarudi. Nikimtembeza barabara ya Alupe, tukikutana na mbwa mwingine wanaanza vizuri, wanakimbizana, wanabiringishana, na ghafla huyu wangu ameshampanda mwenzake, hata kama ni dume kubwa kuliko yeye. Watoto wa shule wanatufuata wakiimba, "Diwani anaomba kura." Juzi alimshika katekista mguu nje ya duka. Katekista aliendelea kuniuliza habari za misa huku akitikisika, nami nikaendelea kumjibu. Tulikuwa watu wazima wawili tunaojifanya hatuoni.

Sasa nimeamua kulimaliza jambo hili kiume. Opio, anayenishonea vitambaa vya sofa, ni Mteso kama nyinyi. Sikumweleza kilichotokea, nilimuuliza tu mkwe akimtia mama mkwe aibuni kwenu hufanywa nini. Akasema huletwa mbuzi, mbuzi akiliwa aibu imeliwa naye. Nimekununulia jike jeusi, nene, linatembea kwa kujivuta kwa unono. Oriokot atafika naye pamoja na barua hii. Nimemwambia aseme tu kwamba ni mbuzi wa Wesonga wa kumwondolea mama aibu.

Mpokee, Mama, halafu umjie Atyang. Ameanza kuamka usiku akishika tumbo kuhakikisha mtoto anacheza.

Mkwe wako,
Wesonga


Malaba
25 Machi 2024

Wesonga,

Umefanya nini?

Opio amekupa jibu sahihi kwa swali ambalo si lako. Mbuzi wa namna hiyo huletwa na mkwe aliyemkuta mama mkwe akioga, au aliyemgusa mwilini. Ni mbuzi wa mtu aliyekosa yeye mwenyewe. Na Oriokot, kwa vile anapenda kufanya mambo hadharani, hakumleta kwangu. Alimfunga mbele ya nyumba ya Otukei, ndugu mkubwa wa marehemu mzee wangu, akatangaza maneno yako kama ulivyomtuma. Watu walikuwepo.

Wakaanza kukumbushana. Kwamba siku ile mimi na wewe tulikuwa uani peke yetu. Kwamba nilikwenda garini nimejifunika uso. Kwamba njia nzima kurudi Malaba sikusema neno. Wakajumlisha. Niliwaambia mkwe wangu hakunifanyia kitu, Otukei akanijibu kwamba mbuzi hatoki Busia bure.

Ameita kikao Jumamosi ya tarehe sita. Anataka Atyang aletwe nyumbani mpaka jambo liamuliwe, na mimi nisikanyage kwako hata kama mtoto anazaliwa. Nikivuka neno lake, siku nikifa hao wanaopaswa kunizika watakataa.

Ukweli ninao, lakini fikiria unavyosemwa. Mimi ni mwenyekiti wa kina mama parokiani. Nisimame mbele ya wanaume walioketi kuzunguka chungu cha pombe, na umri huu, niwaeleze mbwa alifanya nini kwenye gomesi yangu? Kabla jua halijachwa itakuwa imefika kwa madereva wa malori. Sijaamua. Usitume kitu kingine chochote, hata kuku.

Mama Atyang


Busia
28 Machi 2024

Mulembe Mama,

Umechelewa kunionya kwa siku moja. Mzee Otukei alimpigia Atyang akamuuliza mume wake alimfanyia mama nini. Ilibidi nimweleze yote, kuanzia kreti mpaka mbuzi. Nilidhani atanikasirikia, au labda atacheka. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikaa kitako kwenye kiti ambacho hakijawekwa kitambaa, akasema, "Kwa hiyo nitazaa peke yangu tena."

Mama, maneno hayo yamenivunja. Nimekosa mimi, halafu anayelipa ni yeye. Tarehe sita nitakuja Malaba mwenyewe, nitasimama mbele ya wazee na kusema ni mbwa. Wakitaka kunicheka wanicheke. Wewe usifungue mdomo wako kwa aibu iliyotoka kwangu.

Na mbwa nitamtoa. Kuna mfanyabiashara wa mahindi kutoka upande wa pili wa mpaka anayetaka mbwa wa kulinda stoo. Lakini nilipomtajia Atyang aliinuka akatoka nje, akaketi chini na kumshika Diwani shingoni. Jambo moja hulijui. Tulipompoteza yule mtoto, mimi nilirudi kazini baada ya mazishi kwa sababu sikujua nikae vipi na mke wangu. Diwani ndiye aliyekaa naye. Alilala mlangoni kwake mpaka Atyang alipotoka kwa miguu yake kwenda kuota jua. Ndiyo maana hajafukuzwa hapa, pamoja na vituko vyake vyote.

Halafu nimegundua kitu kinachonisumbua. Opio akija, mbwa humnusa tu akaenda zake. Katekista akija, au mteja mkubwa, ndipo anaporuka. Nikajiuliza tofauti ni nini, na nikaona ni mimi. Opio simwogopi. Wale wengine nikiwaona, mwili unakaza, sauti inapanda, nacheka pasipo sababu. Siku ile mlipokuja, nilikuwa nikitetemeka tangu alfajiri, nikiomba kila kitu kiwe sawa machoni pako. Diwani aliichukua hofu yangu akaileta kwako.

Sasa mgeni akija ninaketi kwanza. Namwita mbwa kwa sauti ya chini kabla hajafikia kule kwa kuruka, nampa kipande cha sponji kuukuu akibebe mdomoni. Akicheza na wenzake namvuta kando wapumzike, kisha namrudisha. Kuna siku inafaulu, kuna siku ananiaibisha vilevile. Lakini nikinyamaza na kugeuka, huacha upesi kuliko nilipokuwa nikifoka.

Nijibu neno moja tu kuhusu tarehe sita.

Wesonga


Malaba
8 Aprili 2024

Yoga, mkwe wangu,

Sikukujibu kwa makusudi. Nilimwagiza Oriokot akwambie kikao kimeahirishwa, usije. Ungekuja ungesema ni mbwa, na nani angeamini? Kila mkwe aliyewahi kukosa angependa kuwa na mbwa wa kusingizia. Aliyetakiwa kusema ni aliyepandwa.

Siku ya kikao nilivaa ile ile gomesi. Wazee walikuwa wameketi na mirija yao ya pombe, Otukei akiwa na mrija mrefu kuliko wote. Alinitaka nieleze mkwe wangu alinigusa wapi. Nilimfikiria Atyang kwenye kiti chako kisicho na kitambaa, nikasema, "Aliyenipanda mguu ni mbwa. Wesonga alisimama mbali na kreti ya soda, na hakunikaribia kwa kuwa ananiheshimu."

Otukei alikuwa na mrija mdomoni. Akauliza, kwa sauti ya kikao kabisa, "Mbwa wa rangi gani?" Nikamwambia ni wa kahawia, sikio moja limelala. Hapo pombe ikamtoka puani. Aliyeketi jirani alijaribu kumpigapiga mgongoni, naye akashindwa, akalala kwenye mkeka. Walicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni, nao wakaelezwa. Nimeshafika kwa madereva wa malori, Wesonga. Asubuhi hii mmoja alinisalimia kwa heshima iliyopita kiasi nilipokuwa nikipimia wateja unga.

Sasa na mimi nikwambie langu, kwa sababu umeteseka bure na mwenye kosa ni mimi. Siku ile sikulia. Nilicheka. Nilipokuona umekumbatia ile kreti, unamwambia mbwa "Diwani, tafadhali," nilihisi kicheko kinapanda na nikajua nikikitoa nimekudharau mkwe wangu nyumbani kwake. Nikakifunika kwa leso nikakimbilia garini. Tangu mzee wangu afariki sijawahi kucheka hivyo. Njia nzima nilinyamaza kwa sababu ningefungua mdomo ningeanza tena. Ndiyo maana nilikuandikia siwezi kukaa hapo. Niliogopa nikikuona kwa mbali tu, yatanishinda. Sikujua kwamba wewe unakosa usingizi. Nimeona aibu kusoma barua zako upya.

Uamuzi wa wazee ni huu. Mbuzi hulipwa na aliyekosa, na aliyekosa amejulikana. Kwa hiyo mbuzi ni wa Diwani. Mbwa wako ameoshwa hatia, anaruhusiwa kunisogelea na kunisalimia. Wewe hukukosa, hukulipa, kwa hiyo mimi na wewe tunabaki tulivyokuwa. Mimi nikiwa ndani ya nyumba, wewe uko nje, mpaka ulete mbuzi wako mwenyewe wa kutufungulia mlango.

Wa Diwani hawakumchinja. Otukei alimpapasa tumbo akasema ana mimba. Wewe fundi unayejua unene wa sponji kwa kidole, hukujua tofauti ya unono na mimba?

Mwanzoni mwa Mei niko kwenu. Mwambie Atyang atandike kitanda cha chumba kidogo. Na mbwa asivuke mpaka. Ameshalipiwa.

Mama Atyang


Jikoni, hapa uani
22 Mei 2024

Yoga, Mama,

Naandika nikiwa hatua chache kutoka ulipo. Atyang atakupitishia karatasi hii dirishani pamoja na maji ya moto.

Nilitaka kukushukuru hospitalini, lakini kila nilipoingia wodini wewe ulitokea mlango wa pili, na kila ulipoingia nilitoka. Muuguzi alidhani tumegombana. Usiku ule wa uchungu nilikuwa kwenye benchi nje, na kupitia dirisha nilisikia sauti yako ikimwambia Atyang asukume, na yake ikikujibu. Niliposikia mtoto analia, nililia na mimi mpaka mlinzi akaniletea maji. Sikuwa na uwezo wa kumpa Atyang kitu kile ulichompa. Asante, Mama.

Asante pia kwa siku uliyofika. Nilichungulia kupitia tundu la jikoni, nimeshikilia mlango kwa mikono miwili. Diwani alikuja mbio na sponji yake mdomoni, akakuzunguka, akaanza kuinua miguu ya mbele. Wewe ulinyamaza ukageuka upande, kama nilivyokuandikia. Alisimama akifikiri, halafu akaketi juu ya mguu wako akatulia. Najua alilichafua begi lako la unga baadaye. Kwa hilo sina la kusema.

Tangu mrudi nalala hapa jikoni, na sinung'uniki, mila ni mila. Lakini binti yangu nilimwona hospitalini kwa muda mfupi tu, akiwa amefungwa mablanketi, nikaona paji la uso na vidole viwili. Sasa Diwani anaingia na kutoka humo ndani kama mwenye nyumba. Akirudi kwangu ananukia mtoto. Jana usiku nilimshika kichwa nikamnusa mbwa ili nimjue mwanangu.

Kesho nakwenda sokoni kununua mbuzi wangu. Opio atakuja kupapasa tumbo. Kwa sasa niambie jambo moja, pua ni ya nani?

Wesonga


Ndani ya nyumba, 22 Mei

Mulembe, Wesonga,

Pua ni yako. Tutamwombea.

Usiende sokoni. Oriokot amepiga simu asubuhi hii. Yule mbuzi amezaa jana, mtoto jike, mweusi kama mama yake. Otukei aliwaita wenzake, wakaketi kwenye mirija yao, wakakubaliana hivi: mama ni wa mbwa, mtoto ni wako. Nimewaambia nimempokea. Hatachinjwa, atakuwa wa mjukuu wangu.

Kwa hiyo mlango umefunguka. Nimeketi kwenye ile sofa yako ya maua, nimetazama ukutani, leso niko nayo. Vua viatu, mtoto amelala. Njoo umshike binti yako.

Na nikianza kucheka, usitoke.

Mama yako